Redio SX-99: mikwaruzo imekwisha, ilikuwa inatoka ndani ya kopo la IF

Imenyamaza! Hallicrafters yangu, redio ya zamani ya lampu (mirija ya elektroni), sasa inapokea 7 MHz bila ile ta-ta-ta iliyokuwa inameza kila sauti.

Kondensa zote za karatasi na zile kubwa za pawa nilishazibadilisha, soketi za lampu zimesafishwa kwa alkoholi, swichi ya bendi inazunguka vizuri. Kelele palepale. Jirani akiisikia ananiambia, "Papa, mvua iko inakuja." Mvua gani Lubumbashi mwezi wa saba?

Nikatoa antena, ikaendelea. Nikachomoa lampu ya kuchanganya masafa, ikaendelea. Nikachomoa ya kwanza ya IF (masafa ya kati, 455 kHz), bado! Ya pili ilipotoka tu, kimya kabisa. Basi mwenye kosa ni kopo la IF, lile la chuma lenye koili ndani, lililo kati ya hizo lampu mbili. Nikairudisha lampu, nikapima gridi yake (mguu wa kuingizia mawimbi) kwa testa ya mshale: kila mkwaruzo, mshale unaruka upande wa chanya, mahali ambapo volti chanya haina kazi kabisa. Kwa kazi hii siachi testa ya mshale hata kidogo. Ya dijitali inarusha namba ovyo, huoni kitu.

Kulifungua kopo ndiyo kazi ya roho ngumu, maana nyaya za koili ni nyembamba kuliko unywele. Chini kabisa kuna kipande cha mika (madini ya kuhami umeme) kilichopakwa fedha pande zote, nacho ndicho kondensa mbili za kopo. Upande mmoja una volti zaidi ya 200, wa pili hauna. Ukiongeza unyevu na miaka 70, fedha inatambaa juu ya mika hadi ikaribie upande wa pili, kisha cheche zinaanza. Kwenye mika yangu alama nyeusi zinaonekana kwa macho.

Nimeikata yote, nikaweka kondensa mbili za seramiki, zile zenye doa jeusi kichwani, pF (pikofaradi) 110 kila moja, kutoka bodi za televisheni mbovu za soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi. Ya pF 100 haikutosha: koa ya koili (kile kiini cha kuzungusha ndani yake) iliingia hadi mwisho bila kufika kilele cha 455 kHz. Kwa 110 kilele kinapatikana koa ikiwa katikati. Na tafadhali, koa zizungushwe kwa kijiti cha plastiki. Bisibisi ya chuma inahamisha kilele, na koa ikipasuka ndani, kopo limekufa.

Jana usiku nilifungua BFO (sehemu ya redio inayofanya sauti za namna hii zieleweke), nikapunguza nguvu ya RF (upokeaji), na ZS wawili, yaani warusha redio wa ridhaa wa Afrika Kusini, walisikika neno kwa neno.

Zamu ilikuwa ya kupaka rangi kasha na kubadilisha uzi wa daili (kipimo cha masafa). Vitangoja. Nimepata kristali ya 1 MHz, na mawimbi yake ya juu (yale ya mara 2, mara 3 na kuendelea) yanaangukia 7, 14, 21 na 28 MHz, yaani mwanzo wa bendi zetu za redio ya ridhaa barabara. Nikiiwekea transista moja, nitajua daili inadanganya kwa kiasi gani. Transista iko mezani tayari.