Siku 27 nikimsubiri nyoka wangu ale

Utepe aliingia nyumbani akiwa ndani ya mfuko wa kitambaa uliopigwa fundo. Ni nyoka mlapanya mweusi, jamii ambayo wanasayansi huiita Pantherophis obsoletus, asili yake Amerika Kaskazini. Hana sumu, yeye humkamata panya kwa meno kisha humkaba kwa kujiviringisha. Siku hiyo alikuwa na sentimita 62 na gramu 74, na wala hakuwa mweusi: alikuwa wa kijivu mwenye mabaka ya kahawia, kwa maana weusi wao huja kadiri wanavyokua. Jina alipewa na dada yangu ninayeishi naye. Kabla ya kumchukua nilihakikisha mambo mawili, kwamba sheria inaniruhusu kumfuga, na kwamba amezaliwa mikononi mwa mfugaji, hakutegwa porini.

Kizimba kilikuwa tayari wiki nzima kabla hajafika. Kioo pande zote nne, maranda ya mti wa aspeni chini (ya mwerezi hayafai kabisa, mafuta yake huwadhuru), mkeka wa joto umebandikwa nje, chini ya sakafu upande wa kushoto, bakuli la maji kulia, na pango moja zuri katikati ambapo ningeweza kumwona. Niliridhika nacho sana.

Usiku wa kwanza alijikunja kwenye pembe ya mbali. Nilipokaribia, ncha ya mkia ilianza kutetemeka juu ya maranda kwa mlio mkavu, na shingo ikajipinda tayari kurusha kichwa. Ndivyo wanavyofanya wakiogopa. Nilijua hilo, lakini kesho yake nikamshika, na keshokutwa tena, nikiamini namzoesha mikono yangu. Kila mara alinipaka ule uvundo wanaoutoa karibu na mkia wakiona wamekamatwa.

Siku ya saba nikampa mtoto wa panya. Hakumgusa. Siku ya 12 hakumgusa. Siku ya 19 alimnusa kwa ulimi, akageuka, akaenda zake. Nilikuwa nampima kila wiki kwenye mizani ya jikoni, na sasa alikuwa amefika gramu 71. Kupungua huko si kwa kutisha kwa nyoka mwenye afya, ila usingizi ulinipungua. Nilikuwa naamka usiku kumulika kizimba kwa tochi, jambo ambalo bila shaka lilimwongezea hofu.

Mfugaji mmoja wa siku nyingi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: "Ndugu yangu, hilo pango liko upande wa joto au wa baridi?"

Lilikuwa katikati. Hapo ndipo nilipoelewa. Upande wa joto ulikuwa wazi mtupu, upande wa baridi vilevile. Ili apate joto ilimlazimu akae peupe, na nyoka mwenye woga ataacha joto kabla ya kuacha maficho. Mwili wake hauzalishi joto kama wetu. Asipolipata kutoka nje, chakula hakisagiki tumboni, na mara nyingi hukitapika. Utepe hakuwa mkaidi wala mgonjwa. Mwili wake ulikuwa unakataa kazi usiyoweza kuifanya.

Nilinunua kipimajoto chenye kihisi cha waya, nikakipitisha chini ya maranda hadi kwenye sakafu iliyo juu ya mkeka. Nyuzi 41! Mkeka haukuwa na themostati, kwa hiyo ulikuwa unapanda unavyotaka, na nyoka akichimba kufuata joto anaweza kuungua tumbo. Siku hiyohiyo nikaweka themostati na kuitega kwenye nyuzi 30. Upande wa pili ulibaki 23, na hiyo tofauti ndiyo anayoihitaji, achague mwenyewe.

Kisha nikaondoa lile pango kubwa na kuweka mawili madogo yanayofanana, moja kila upande, yenye kumbana kiasi cha ubavu kugusa ukuta. Nyoka hujiona salama akibanwa. Pande tatu za kioo nikazifunika kwa karatasi nyeusi, na tawi nene nikaliegesha kutoka kona hadi kona, maana hawa ni wapanda miti hodari. Kwa sababu hiyohiyo kifuniko nilikifunga kwa vibanio: kichwa kikipita, mwili wote utapita.

Baada ya hapo nikafanya lililo gumu kuliko yote. Sikumgusa kwa siku nane. Nilibadilisha maji tu, nikaondoka.

Siku ya 27, jioni, nilimtoa panya mfu aliyegandishwa, ambaye alikuwa kwenye jokofu akiyeyuka tangu usiku uliotangulia, nikamfunga kwenye mfuko na kumtia katika maji ya moto kiasi mpaka akapata joto la kiumbe hai. Alikuwa na unene sawa na sehemu nene ya mwili wa Utepe, si zaidi. Huwa situmii panya hai, kwani panya anayejitetea anaweza kumjeruhi nyoka vibaya. Nikamshika kwa kibano kirefu mbele ya pango la joto, taa zimezimwa. Ulimi ukatoka mara mbili, tatu. Kisha pigo moja, mizunguko miwili ya mwili, kimya. Nilirudi nyuma polepole nikakaa sakafuni, nikasikia dada ananong'ona mlangoni, "Amekula?" Sikuweza hata kumjibu, nilitikisa kichwa tu kuitikia.

Alilala upande wa joto siku mbili, nami sikumshika kwa muda wote huo. Tangu hapo hula kila baada ya siku saba. Kumshika nilianza upya kwa dakika tano tano, nikimwinua kutoka chini na si kutoka juu kama mwewe, na mikono hunawa kwa sabuni kila mara kwa sababu ya vijidudu vya salmonela.

Mwezi wa tatu tangu afike, macho yake yaligeuka ya bluu yenye ukungu, dalili kwamba anakaribia kujivua gamba. Sikumlisha wala kumshika. Nilimwekea kikopo chenye taulo za karatasi zilizoloweshwa, apate unyevu. Macho yakang'aa tena, na siku chache baadaye nikalikuta gamba limening'inia kwenye tawi, zima toka mdomoni hadi mkiani. Tulilitandaza mezani taratibu. Dada akainua sehemu ya kichwa kwenye mwanga, akatafuta vile vifuniko vyembamba vya macho, ambavyo vikibaki kwa nyoka huleta shida. Kimoja, akasema. Akageuza upande. Na cha pili.