Msumari wa Matondoni

Mzee alikuwa ameshapiga magoti mchangani, koleo mkononi, mguu wa punda ameupakata juu ya paja. Nikapaza sauti kabla hata ya salamu: "Usiung'oe, Mzee! Nakuomba, usiung'oe!"

Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa asizime moto.

"Mwanangu, msumari umo ndani ya mguu wa mnyama wangu tangu jana magharibi. Nisiutoe kwa nini?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake nililijua kwa kusoma tu. Nilikuwa na miezi mitano tangu nimalize masomo ya udaktari wa mifugo pale Kabete. Mwaka ulikuwa 2011, na kijiji ni Matondoni, upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, kwa mafundi wa mashua na wasusi wa mikeka. Tulikuwa tumefika asubuhi ile kutoka mjini kwa mashua ya injini, mimi na mwalimu wangu, mama aliyekuwa ametibu punda na farasi kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulikuwa na mashine ya eksirei ya kubebeka, tumeifunga kwa mifuko ya plastiki tabaka tatu ili maji ya chumvi yasiifikie. Safari yenyewe ilikuwa ya kuangalia meno na vidonda vya mizigo. Habari ya msumari tuliikuta ufukweni.

Ulikuwa msumari wa mashua, wa chuma, kichwa kipana, wa kushikia mbao nene. Punda alikuwa amepita na mzigo wa mchanga pembeni ya jahazi lililokuwa likitengenezwa, akaukanyaga. Umeingia ukwato wa mbele wa kulia, kwenye ile sehemu laini ya pembe tatu iliyo nyuma ya wayo.

Mwalimu ndiye aliyemjibu Mzee. Alichuchumaa, akampa salamu zake kamili, akamweleza taratibu. Sehemu ile ni kama mpira. Ukichomoa msumari, tundu linajifunga, na hapo hakuna anayeweza kujua tena ulielekea wapi. Na sentimita chache tu juu yake kuna kano kubwa inayokunja mguu, kuna kifuko cha ute kinachoilainishia njia, kuna kiungo, na kuna kimfupa kidogo ambacho kwa Kilatini kimepewa jina la mashua ndogo kwa sababu ya umbo lake. Fundi mmoja aliyekuwa amesimama na tezo begani akarudia maneno hayo kwa wenzake: hata ndani ya mguu wa punda mna mashua. Msumari ukigusa kifuko kile au kiungo kile, vijidudu vya mchangani vinapata nyumba isiyofikika kwa urahisi, na wanyama wengi wa namna hiyo hawaponi, hata wakipelekwa hospitali kubwa.

Mzee akaweka koleo chini.

"Sasa mpime," mwalimu akaniambia. "Anza mbali."

Kuanza mbali maana yake ni kusimama hatua kumi na kutazama bila kumgusa mnyama. Nilijifunzia kazi kwa farasi wa Nairobi, na farasi akiumwa husema. Huparua ardhi, hulowa jasho, hujitupa chini. Msafiri, maana ndilo jina alilopewa punda yule, alikuwa amesimama tu kwenye kivuli cha mkungu, kichwa kimeshuka kidogo, masikio yameangalia pembeni, mguu wa mbele ameugusisha mchanga kwa ncha. Mpita njia angedhani anasinzia. Punda huficha maumivu mpaka yanapokuwa makubwa mno, na kwa sababu hiyo watu wamemzoea kumdhania kwamba hasikii kitu. Hata methali imemsingizia kwamba shukrani yake ni mateke. Mimi katika miaka yangu yote ya kazi, karibu kila punda aliyenipiga teke nilimkuta ana mahali panapomuuma.

Nikamsogelea. Joto digrii 37.4, sawa kabisa. Pumzi 28 kwa dakika, kwenye ukingo wa juu. Moyo ulipiga mara 64, na punda mzima akiwa ametulia hapaswi kuvuka 52 au hapo karibu. Nikaweka vidole nyuma ya kifundo, mahali mshipa wa damu unapopita kuelekea kwenye ukwato. Ulikuwa ukigonga vidole vyangu kwa nguvu. Nikasikiliza tumbo pande zote mbili, juu na chini, sauti zilikuwepo ila chache. Mjukuu wa Mzee, kijana wa miaka kama kumi na miwili, akasema hajala tangu jana. Hilo lilimshtua mwalimu kuliko msumari wenyewe. Punda akiacha kula, mwili wake huanza kumwaga mafuta kwenye damu, na mafuta hayo yanaweza kumwua kwa ini kushindwa hata kama jeraha limepona.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kupiga picha. Miale ya eksirei lazima ipite usawa wa wayo, kwa hiyo ukwato hauna budi kuinuliwa kutoka mchangani. Lakini punda akikanyaga ubao, atausukuma msumari ndani zaidi. Fundi wa tezo alitusikiliza tukijadiliana, akaondoka bila kusema neno, akarudi na kigogo cha mti kilichochongwa kikawa bapa juu, katikati amekitoboa tundu kwa keekee. Kichwa cha msumari kikaingia tunduni kama kimepimiwa, na Msafiri akasimama juu yake bila kushtuka. Nimefanya kazi tangu hapo mahali penye vifaa vya gharama kubwa, na sijapata kuona kilichofaa kazi yake kuliko kigogo kile.

Tukawasogeza watoto wote nyuma ya jahazi. Nikavaa aproni ya madini ya risasi ya kukinga miale, mjukuu akatoka, Mzee akakubali kuondoka kwa shida, nikapiga picha ya kwanza kutoka ubavuni.

Wakati huohuo adhana ya adhuhuri ikatoka. Mwalimu akaenda kuswali, akaniambia niendelee. Nikajifunika kanga kichwani pamoja na kompyuta ili niweze kuona skrini katika jua lile, na picha ikafunguka. Mifupa ilikuwa myeupe, imejipanga vizuri. Msumari mweupe zaidi, umeingia karibu sentimita 4, umepanda juu na nyuma. Ncha yake ilikuwa imelala moja kwa moja juu ya kile kimfupa cha mashua.

Nilihisi baridi tumboni. Niliitazama mara tatu, nikaikuza, haikubadilika. Kitu ambacho sikufanya ni kusubiri. Nilitoka chini ya kanga, nikamwendea Mzee aliyekuwa ameketi kwenye boriti, nikamwambia yote: kwamba msumari umefika kwenye mfupa, kwamba umepita ndani ya kifuko cha ute, kwamba huku kisiwani hatuna namna ya kukisafisha inavyopaswa, na kwamba huenda jambo la huruma likawa kumlaza Msafiri usingizi asioamka.

Mzee hakunijibu mara moja. Alitazama mikono yake.

"Atasikia uchungu?"

Nikasema hatasikia.

"Huyu ndiye aliyebeba mawe ya nyumba ya binti yangu," akasema. "Yote. Kutoka ufukweni mpaka darini." Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Alhamdulillahi kwa kila hali," akainuka, akaenda kumlegeza punda kamba ya shingoni. Mjukuu wake aligeuka akatazama baharini.

Mwalimu alipotoka msikitini aliona nyuso zetu. Hakuniuliza nimesema nini. Aliingia chini ya kanga, akakaa humo kitambo, akatoka.

"Shahidi wa pili yuko wapi?"

Sikumwelewa.

"Picha moja ni shahidi mmoja. Wewe umehukumu kwa shahidi mmoja?"

Damu ilinishuka mwilini. Nilikuwa nimefundishwa hilo tangu somo la kwanza kabisa la eksirei: picha ni kivuli, na kivuli hakina kina. Vitu viwili vilivyo mbalimbali, kimoja karibu nawe na kingine upande wa pili, hulaliana kwenye picha kama vimegusana. Ndiyo maana hupigwa picha ya pili kwa pembe mraba na ile ya kwanza. Nililijua, nikalijibia mtihani, na siku nilipolihitaji nikaenda kumwambia mtu mzima amuage mnyama wake.

Tukaupanga tena ukwato juu ya kigogo, mashine mbele, bamba la picha nyuma. Mikono yangu ilikuwa ikitetemeka, mwalimu akashika bamba mwenyewe kwa kishikio kirefu. Safari hii tuliingia chini ya kanga wawili.

Msumari ulikuwa umeegama upande wa nje. Ulipanda kwa mshazari, ukakipita kile kimfupa pembeni kwa nafasi iliyoonekana wazi kabisa, ukaishia kwenye nyama nene ya kisigino. Haukugusa mfupa wala kiungo. Kifuko cha ute kilikuwa salama.

Nikamrudia Mzee. Kwa ulimi mzito nikamwambia nilikosea, nikamweleza nilivyokosea, sikumficha kwamba picha ya pili ilipaswa kupigwa kabla sijafungua mdomo. Akaketi tena kwenye boriti. Hakusema kitu.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya mikono. Tungeweza kumtibu akiwa amesimama, kwa kuchoma ganzi mishipa ya fahamu ya mguuni, lakini kila ambapo angeshusha mguu angeuzika mchangani tukiwa tumeshafungua jeraha. Mwalimu akaamua tumpe nusukaputi. Wanawake wakaleta mikeka, mafundi wakatandika tanga kuukuu juu yake. Tulimpima kifua sentimita 112 na kimo 103, na chati ya punda ikatupa kilo 140 hivi. Nasema chati ya punda kwa sababu utepe wa kupimia farasi hudanganya kwa mwili wa punda. Kwanza zailazini, dawa ya kutuliza, mshipani, tukangoja dakika tano mpaka kichwa kikafika magotini, ndipo ketamini na diazepamu za kumlaza. Msafiri akakunja miguu, tukampokea, akalala kama mtoto. Nikamwekea kitambaa machoni na taulo chini ya shavu ili mishipa ya uso isibanwe na hatamu.

Kazi yangu ilikuwa kichwani: kuhesabu pumzi, kushika mpigo, kutazama jicho. Mwalimu akachomoa msumari kwa kuufuata njia uliyoingilia, ukatoka na weusi wa sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa mashua. Akapanua tundu kwa kisu cha kwato mpaka likawa kama faneli, akaanza kulisafisha kwa maji ya dripu.

Dakika ya kumi na mbili sikio likacheza. Jicho likaanza kwenda huku na huku.

"Anaamka," nikasema, nikishangaa, maana kwa farasi ningekuwa bado na dakika kadhaa mkononi.

"Sindano ya pili iko mfuko wa kushoto. Nusu ya kipimo cha kwanza."

Alikuwa ameivuta kabla hatujaanza. Mwili wa punda huitumia ketamini na kuiondoa haraka kuliko wa farasi, na anayefanya kazi kwa saa ya farasi hujikuta na mnyama anayesimama juu ya kisu. Nikaichoma. Jicho likatulia, mwalimu akamaliza lita mbili za maji, akafunga bendeji na kuifunika kwa kipande cha mpira wa gurudumu. Kisha penisilini, dawa ya maumivu, na kinga ya pepopunda. Kiswahili kimeupa ugonjwa huo jina hilo, na kweli punda na farasi ni miongoni mwa wanyama unaowapata kwa wepisi zaidi. Jeraha la msumari ndilo mlango wake hasa. Tulirudi Matondoni mara tano kubadilisha bendeji, na wiki ya sita Msafiri alikuwa ameanza kubeba nusu mzigo.

Siku ile aliamka bila pupa. Baadhi ya farasi huamka kwa vurugu, wachache hujivunja miguu papo hapo. Yeye alikaa kifuani, akatazama bahari, akainua kwanza makalio kama ng'ombe, kisha mbele, akasimama. Tulingoja mpaka alipoacha kuyumba. Mjukuu akamletea majani mabichi, akayanusa muda mrefu, akaanza kutafuna, na sote tukanyamaza tukisikiliza meno yake.

Jua lilipokuwa linashuka nilikuwa nafunga mashine. Mzee akaja, akaketi karibu yangu.

"Nionyeshe ile picha ya kwanza."

Nilitamani kumwonyesha ya pili. Nikafungua ya kwanza. Akaishika kompyuta magotini, akaitazama kwa makini, akafuata msumari kwa kidole bila kugusa kioo mpaka kwenye ncha, akakiona kile kimfupa.

"Mbona hata mimi ningeamini," akasema, akanirudishia kwa mikono miwili.