Nilivyopanda Meru mara ya kwanza na kufika Socialist Peak

Wengi ukiwatajia mlima mrefu Tanzania akili inaenda Kilimanjaro moja kwa moja, Meru wanauona kama wa mazoezi tu. Mimi nimeupanda na naomba niseme wazi, huu mlima ni mgumu, upe heshima yake mapema. Kilele chake, Socialist Peak, kiko juu ya mita 4,560, na ile njia ya usiku kwenye ukingo wa kreta, yaani shimo kubwa la volkano, inadai kichwa kilichotulia kuliko miguu yenye nguvu.

Safari inaanzia geti la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, kama mita 1,500 hivi. Huendi peke yako, lazima muongozane na askari wa hifadhi mwenye bunduki, maana huko chini kuna nyati na mnapishana nao kabisa, twiga nao wamejaa, kwa hiyo kundi linatembea pamoja na hakuna wa kutangulia. Hii kwangu ilikuwa bahati, kwa sababu nilifanya mazoezi miezi kadhaa, kukimbia, kupanda ngazi na begi mgongoni, sasa miguu ilikuwa inataka kwenda tu. Askari akaniambia, "Mdogo wangu, tembea kama mtu asiye na anakokwenda." Nikaishika hiyo mpaka mwisho.

Usiku wa kwanza unalala kambi ya Miriakamba, mita 2,514, wa pili kambi ya Saddle Hut, mita 3,570. Katikati hapo ni ngazi ngazi za mbao zisizoisha, sina mengi ya kusema, unapanda tu. Ila ukifika Saddle utatamani kulala mchana kutwa, usikubali, pumzika kidogo kisha panda Little Meru, kilele kidogo cha jirani. Ni mita 3,820, haichukui muda mrefu, unaupa mwili taarifa ya hewa ya juu halafu unashuka kulala chini. Mimi pale kichwa kilianza kugonga, nikamwambia muongozaji palepale bila kuficha, akanipa maji, akaniuliza kama natapika au nasikia kizunguzungu, nikasema hapana. Akasema kikiisha tunaenda, kikizidi au ukianza kutapika tunashuka, hakuna mjadala. Kikaisha. Ukweli ndo huo, ugonjwa wa mwinuko hauangalii ujana wala mazoezi, na dawa yake ya uhakika ni kushuka.

Tukaamshwa usiku wa manane. Baridi aisee! Nguo tabaka tabaka, glovu, kofia, tochi ya kichwani na betri za akiba, chupa za maji nimezigeuza kichwa chini ndani ya begi, kwa sababu maji yanaanza kuganda juu, ukizigeuza mdomo hauzibi na barafu. Mpaka Rhino Point ni kupanda tu kwa kawaida. Baada ya hapo ndo mlima unaanza kukupima, kwanza unashuka, yaani ule urefu ulioutafuta kwa jasho unaupoteza, halafu unakuja mwamba mtupu ulioinama ambao unaupita kwa mikono na miguu gizani, halafu majivu ya volkano, ukipiga hatua mguu unarudi nusu. Kushoto kwako ni kreta. Nilikuwa naangalia visigino vya aliye mbele yangu na ule mduara wa tochi, basi. Hatua moja, pumzi moja. Kule juu presha ya hewa inabaki zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya baharini, ukiharakisha hatua tatu unalipa kwa kusimama dakika nzima.

Kipande kigumu kuliko vyote kwangu kilikuwa baada ya Cobra Point, kama mita 4,350, sababu kila ukidhani hiki ndo kilele unakuta kuna kingine nyuma yake. Nikaacha kuuliza bado kiasi gani, nikawa nakunywa maji mafundo madogo na kutafuna kitu kila tukisimama hata kama hamu sina. Kulikucha tukiwa bado njiani, Kilimanjaro ikatokea mashariki juu ya mawingu, na chini yetu ile Ash Cone, kilima cha majivu ya volkano, imekaa katikati ya kreta, nikaelewa usiku ule tulikuwa tunatembea pembeni ya nini. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Kufika kwenye kibao cha kilele nilishika bendera nikakaa chini kimya.

Sasa habari ya kushuka watu hawakuambii! Siku ileile unarudi Saddle, unapumzika kidogo, halafu wengi wanaunganisha hadi Miriakamba, magoti yanalia. Fimbo mbili za kupandia ndo ziliniokoa, na kucha za miguu nilizokata fupi kabla ya safari, vinginevyo vidole vinagonga mbele ya buti kila hatua. Kama una nafasi omba siku moja ya ziada, ushuke taratibu.