Kitunda cha pili

Mtwara, Jumapili usiku

Mchezo wangu wa mwisho wa mashindano ya sataranji umekwisha sare, hatua ya 58. Nimetandika ubao mezani, na zile kete za mpingo alizonichongea fundi wa Mikindani, naurudia tangu mwanzo.

Nilikuwa na nyeupe. Mbele yangu binti wa kidato cha pili, aliyepanda basi la alfajiri kutoka Lindi. Akanipa shikamoo, tukaanza. Kitunda changu, ile kete ndogo ya mbele, mraba wa e4; chake e5. Farasi wangu, farasi wake. Askofu c4, askofu c5. Hapo nikasukuma kitunda b4 kiliwe bure: mwanzo wa kutoa kafara uitwao Gambiti ya Evans. Mimi niliyekulia mji wa bandari naipenda kwa sababu aliyeibuni, William Davies Evans, alikuwa nahodha wa meli kutoka Wales, miaka ya 1820. Askofu mweusi akila, unamfukuza kwa c3, kisha d4, na katikati ya ubao ni yako. Bingwa Kasparov alimpiga bingwa mwenzake Anand kwa gambiti hii mjini Riga mwaka 1995, hatua 25 tu.

Binti alikula, akarudi a5, kisha d6. Nikaleta malkia b3 kuilenga f7 pamoja na askofu. Akajibu malkia d7. Anamzibia njia askofu wake mwenyewe, lakini f7 imelindwa. Utulivu ule kwa mtoto wa umri wake!

Hatua ya 14 mfalme wake alikuwa angali katikati. Niliiona hatua ya kusukuma kitunda hadi e5. Ilitaka nitoe kitunda kingine. Nikafikiri dakika ishirini, nikasogeza ngome. Naye akamficha mfalme.

Baadaye malkia walikwisha kubadilishana, kitunda changu hakikurudi. Nilibakiwa na askofu wa miraba myeupe, yeye wa miraba myeusi, na hilo ndilo lililoniokoa. Kitunda chake kilifika c3. Mfalme wangu akakaa c2, mraba mweupe, ambako askofu wake hawezi kumgusa milele. Alizunguka kila upande, kwa subira, mpaka akanyoosha mkono.

Tulipokuwa tunakusanya kete akaniuliza taratibu, "Mwalimu, mbona hukucheza e5? Niliiogopa sana."

Cha kwanza nilikitoa kwa mikono miwili. Cha pili nikakionea uchungu. Nikamwambia hivyo hivyo, tukazipanga kete upya kuanzia hatua ya 14, na mara hii nikasukuma.