Masta silinda kubwa haileti breki kali

Wengi hufunga masta silinda (pampu ya oili ya breki iliyo kwenye leva) yenye tundu pana wakidhani breki ya mbele ya pikipiki itashika zaidi. Kumbe itashika kwa nguvu ndogo kuliko mwanzo. Pistoni pana husukuma oili nyingi, kwa hiyo leva inakuwa fupi (inasogea kidogo) na ngumu, lakini nguvu ileile ya vidole inagawanyika kwenye eneo kubwa na presha inashuka. Leva ngumu kama ukuta humdanganya mtu: anaisifia imesimama, kumbe kusimamisha pikipiki kunataka mkono mzima.

Hesabu yake ni nyepesi. Zidisha kipenyo cha kila pistoni ya kalipa (kifaa kinachobana pedi kwenye diski) kwa chenyewe, jumlisha, kisha gawanya kwa kipenyo cha masta kilichozidishwa vivyo hivyo. Jibu ni uwiano: ukiwa mkubwa, nguvu ya breki ni zaidi. Kalipa yenye pistoni pande zote mbili za diski, hesabu upande mmoja tu. Hapa ndipo watu huharibu. Tuseme diski ni moja, kalipa ya kuteleza (yenye pistoni upande mmoja tu) ina pistoni 2 za milimita 27: 729 + 729 = 1458. Masta ya 11 (121) inatoa uwiano wa 12. Ya 12.7, yaani nusu inchi (161), inatoa 9. Robo ya nguvu imepotea kwa tofauti ya milimita 1.7!

Ukiongeza diski na kalipa ya pili, jumla ni 2916. Masta ileile ya 11 ingefika 24, ila leva inaweza kugusa mpini kabla pedi hazijabana sawasawa. Hapo mimi ningeanza na 12.7 (18), na 14 (karibu 15) kwa anayependa leva fupi.

Saizi mara nyingi imechorwa kwenye bodi: 14, 1/2, 5/8.

Lakini leva laini si lazima iwe kosa la saizi. Toa hewa kwanza, kagua hozi iliyochoka inayovimba. Ikizama polepole ukiwa umeishika na hakuna panapovuja, sili za masta zimekwisha: badilisha seti ya sili za saizi ileile.

Kabla ya kufunga, linganisha nyuzi za bolti ya hozi. 10 kwa 1.25 na 10 kwa 1.0 (kipenyo kwa nafasi kati ya nyuzi, milimita) zinafanana machoni, na ukilazimisha unaua nyuzi za alumini. Washa za bolti hiyo (pete za kuziba) ziwe mpya. Acha mchezo kidogo kati ya leva na pistoni, la sivyo kitundu cha kurudishia oili kinabaki kimezibwa, oili ikipata moto breki inajishika yenyewe. Fungua kifuniko cha kikopo cha oili, vuta leva taratibu: mwanzoni kabisa oili ichezecheze juu ya kitundu hicho.