Omba nyota pacha, usiombe galaksi

Wengi wanaopanda ngazi za kuba ya darubini ya chuo kikuu usiku wa wageni huwa wameshaziona picha za galaksi zenye rangi tele, na zamu yao ikifika huomba hizo hizo. Wanachoonyeshwa ni doa la kijivu lililofifia, wanashuka wamenyong'onyea. Darubini haina kosa. Imeombwa kazi isiyo yake.

Darubini kongwe za vyuo nyingi ni za lenzi, na zilijengwa kwa ajili ya kupima. Ile ya Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, iliyotoka karakana ya Fraunhofer mwaka 1824, ina lenzi ya sentimita 24 tu, lakini Wilhelm Struve aliitumia kuorodhesha nyota pacha, yaani nyota mbili zinazoonekana karibu karibu sana, zaidi ya 3,000, na mwaka 1837 akachapisha kipimo cha umbali wa nyota Vega. Harvard ilipata lenzi ya sentimita 38 mwaka 1847. Darubini ya McCormick ya Chuo Kikuu cha Virginia ilifunguliwa 1885 ikiwa na sentimita 66, Lick ya Chuo Kikuu cha California ikafuata 1888 na sentimita 91, kisha Yerkes, iliyojengwa na Chuo Kikuu cha Chicago, 1897 na sentimita 102. Pale Lick ndipo mwanaastronomia Barnard alipouona Amalthea, mwezi mdogo wa Mshtarii, mwaka 1892, kwa jicho lake na bila picha yoyote. Kazi ya mashine hizi ilikuwa kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana sana na kupima pengo kati yao. Hiyo bado zinaifanya vizuri ajabu, hata katikati ya jiji.

Jiji lenyewe ndilo limebadilika. Vituo vingi vilijengwa pembezoni, mji ukakua ukavimeza. Mwanga wa taa unaweka utando juu ya anga yote, na chochote chenye mwanga uliosambaa, kama galaksi na nebula (mawingu ya gesi angani), kinazama ndani yake. Nyota ni nukta. Mwanga wake umekusanyika mahali pamoja, kwa hiyo unapenya. Mwezi na sayari vivyo hivyo.

Halafu kuna suala la upana wa anga inayoonekana, ambalo waendeshaji mara nyingi hawalielezi. Chukua darubini ambayo lenzi yake ya mbele inaunda taswira mita 6 nyuma yake. Ukiweka lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia, ya milimita 40, gawanya 6,000 kwa 40: unakuza mara 150. Kwa lenzi ya jicho ya kawaida, utaona kipande cha anga cha dakika 20 hivi za digrii (digrii moja ina dakika 60, na dakika moja sekunde 60). Mwezi mzima una dakika 30. Maana yake hata Mwezi hauenei, na Kilimia, kundi lenye upana wa karibu digrii 2, utaliona nyota mbili tatu tu kwa wakati mmoja. Kilimia kitazame kwa darubini ndogo ya mkononi nje uwanjani. Ndani ya kuba, omba nyota pacha.

Albireo, kati ya Julai na Oktoba, ndiyo ya kuanzia: nyota mbili zilizoachana kwa sekunde 35 za digrii, moja ya rangi ya dhahabu na nyingine ya samawati, na hakuna asiyeiona tofauti hiyo. Castor na Gamma Leonis ni za kubana zaidi, kama sekunde 5 kila moja. Walio kusini ya dunia wana Alpha Centauri, jozi yenye mwangaza mkali sana. Ukiomba mojawapo ya hizi, mara nyingi utamwona mwendeshaji akichangamka, kwa sababu anaijua mashine yake.

Kwa Mwezi, chagua siku ya 7 hadi ya 9 tangu mwandamo. Siku hizo mstari unaogawa mwanga na kiza unapita katikati ya uso wake, jua linapiga kwa ubavu na kila kilima kinaangusha kivuli kirefu. Siku ya 8 tafuta ule Ukuta Mnyoofu, Rupes Recta, mstari mweusi wa kilomita 110 kama uliochorwa kwa rula. Usiku wa Mwezi mpevu vivuli vinakwisha; uso unabaki bapa kama sahani, na mwanga wake unafuta nyota dhaifu. Sijaelewa kwa nini vituo vingine huchagua usiku huo kwa wageni.

Mshtarii unajizungusha kwa muda usiotimia saa 10, hivyo lile Doa Jekundu, dhoruba yake kubwa, huenda liko upande wa pili ukifika. Muulize mwendeshaji litapita katikati saa ngapi. Saa moja kabla na saa moja baada ya hapo ndiyo nafasi nzuri. Sayari iliyo chini karibu na upeo wa macho itatetemeka hata usiku mzuri, maana unaitazama kupitia hewa nene. Subiri ipande.

Sasa jicho. Lenzi ya mbele ya milimita 300 ikikuza mara 150 hutoa mwali wenye upana wa milimita 2 tu pale nyuma, na mboni yako lazima ikae juu ya mwali huo. Weka mikono mgongoni, usishike kitu, inama na usogeze jicho polepole. Kivuli cheusi chenye umbo la haragwe kikianza kucheza pembeni, umekaribia mno au umekwenda upande. Rudi nyuma kidogo. Ukishika bomba ili ujitegemeze, taswira itaruka kwa sekunde kadhaa na foleni nzima itasubiri itulie. Mtoto asiyeweza kufumba jicho moja alifunike kwa kiganja, halafu mwulize anaona nini hasa. Akisema “mwanga mweupe” tu, bado hajaupata mwali.

Miwani ya kuona mbali au karibu unaweza kuivua, kwa sababu skrubu ya kurekebisha taswira inafanya kazi ile ile. Ukiigusa kwa ruhusa, mwambie anayefuata, maana kwake taswira itakuwa na ukungu. Na ukiona utepe wa zambarau kuzunguka Vega au ukingo wa Mwezi, usihangaike kuurekebisha. Lenzi hizi ni vioo viwili vya aina tofauti vilivyounganishwa ili rangi nyekundu na ya buluu zikutane mahali pamoja. Zambarau inabaki nje. Ndivyo walivyoweza wakati ule.

Usitazame sekunde tatu ukaondoka. Hewa hutulia kwa vipindi vifupi, na mistari ya Mshtarii hujitokeza katika vipindi hivyo tu. Nusu dakika ya kungoja inakupa zaidi ya kuja mara kumi. Mkiangalia kitu hafifu, zungusha macho pembeni kidogo. Kwa jicho la kulia tazama kulia kwa kitu, kwa la kushoto tazama kushoto kwake. Ukifanya kinyume, kitu kinaweza kuangukia sehemu pofu ya jicho. Mazoea ya giza huchukua dakika 20 hadi 30, na skrini moja ya simu inayafuta. Kwa Mwezi na sayari hayahitajiki.

Kabla ya kushuka, tazama mashine inayoisogeza darubini. Katika nyingi za zamani ni saa ya uzito: jiwe la chuma linaloshuka polepole ndani ya nguzo, gia inayozunguka, na mipira miwili ya shaba inayozunguka kwa kasi na kutanuka ikitaka kuzidi mwendo. Anga hutembea sekunde 15 za digrii kila sekunde moja ya saa. Mashine ikisimama, nyota iliyo karibu na ikweta ya anga itavuka lile dirisha la dakika 20 ndani ya sekunde 80. Kwa hiyo ukiinama na kukuta nyota inakimbia, sababu huwa moja kati ya mbili: uzito umefika chini na unahitaji kupandishwa kwa mkono, au kibano kinachounganisha darubini na gia hakijakazwa. Mwambie mwendeshaji, usijaribu kuisukuma mwenyewe.

Mawingu yakifunga, usiondoke haraka. Omba kuona saa ya nyota, ambayo hutangulia saa ya kawaida kwa dakika 3 na sekunde 56 kila siku. Linganisha na saa yako ya mkononi na utaona tofauti. Saa kama hizo zilikuwa za biashara: kituo cha Allegheny, cha Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kilianza mwaka 1869 kuuzia reli wakati sahihi kwa simu ya waya. Kituo hicho hicho kiliibiwa lenzi yake kubwa mwaka 1872, wezi wakidai fidia. Ukiwa Harvard, ulizia sahani za kioo za picha. Ziko karibu nusu milioni, na ni juu ya sahani za aina hiyo ambapo mwanaastronomia Henrietta Leavitt aligundua uhusiano kati ya kipindi na mng'ao wa nyota zinazobadilika mwangaza, aliouchapisha 1912, ambao tunapimia umbali wa galaksi.

Jambo moja limebaki, nalo ni joto. Kuba haipashwi moto hata kwenye baridi kali, kwa sababu hewa ya ndani lazima ilingane na ya nje. Mpasuko wa paa hufunguliwa saa moja kabla ili lenzi nene ipoe. Lakini mtu mmoja aliyetulia hutoa joto la karibu wati 100. Watu 20 ndani ya kuba ni sawa na hita ya wati 2,000, na joto lote linatoka kupitia ule mpasuko, mbele kabisa ya lenzi. Ndiyo maana waendeshaji wazuri huwaweka wageni chini na kupandisha watano watano. Ndiyo maana pia mtu wa mwisho kwenye foleni ndiye aonaye vizuri zaidi.

Kwa hiyo kaa mwisho. Watu wakishatoka na hewa ikishatulia, omba Epsilon Lyrae. Kwa jicho tupu ni nyota moja, kwa watu wenye macho makali mbili. Mwanzoni mwa jioni, kuba ikiwa imejaa, kila mojawapo huonekana kama tone lililovutwa, maana pengo lake ni sekunde 2 na kidogo tu. Saa moja baadaye, ndani ya kuba ile ile, kila tone linapasuka likawa mawili, na kati yake kuna uzi mweusi.