Siku moja maishani mwangu: kuuza asali ya Tabora kwa watu nisiowaona

Saa 11 alfajiri. Sijawasha jiko bado, nimeshika simu. Usiku limefunguliwa dai jipya kwenye soko la mtandaoni ninalouzia: mteja wa Arusha, chupa mbili za kilo moja moja, "bidhaa si kama ilivyoelezwa." Ametuma picha ya asali iliyoganda, chini nyeupe kama sukari, na maneno matatu: "Mmenichanganyia sukari, jamani." Nina saa 48 za kujibu. Nikinyamaza, pesa zinarudi kwake na asali inabaki kwake.

Arusha mwezi wa Julai kuna baridi kali, na asali halisi huganda kwenye baridi. Glukosi iliyomo hujitenga ikawa chembechembe, basi. Warina asali wa huku wanalijua hilo tangu utotoni, lakini watu wengi wa mjini wamekua wakiambiwa kwamba asali ikiganda ni feki. Dada wa watu hajanivunjia heshima. Anaogopa kuibiwa, na dhamana ya kurudishiwa pesa iliwekwa kwa ajili ya watu wenye hofu kama yake.

Saa 12 asubuhi nafunga oda. Zamani boksi la chupa sita lilinichukua dakika kumi. Siku hizi ni nusu saa, kwa sababu kila chupa naipiga video: ikiwa juu ya mizani, mfuniko ukiwa na lakiri, na kifaa cha kupima maji ndani ya asali kikionyesha 18. Kiwango cha kimataifa ni maji yasiyozidi asilimia 20. Yakizidi, asali huchachuka. Binti yangu anashika simu, mimi nazungusha chupa. Video hizo hakuna anayezitazama mpaka siku mtu atakapolalamika.

Saa 2 niko stendi, ofisi ya mizigo. Kaka wa pale ananiandikia risiti kwa kalamu: boksi moja, Dodoma, shilingi 6,000. Hapa ndipo panaponiumiza kuliko pote. Soko la mtandaoni linataka namba ya kufuatilia mzigo, na basi letu lina daftari. Mwezi uliopita mteja alisema hajapata chupa zake tatu, kumbe alisaini kuzipokea. Nikampigia kijana wa ofisi ya mizigo kule zilikoshuka, akanisaidia kwa moyo mmoja, akapiga picha ukurasa wenye saini. Picha ilinifikia jioni. Muda wa kujibu ulikuwa umeisha mchana. Shilingi 45,000 zikaenda, na dai lile bado limeandikwa kwenye ukurasa wangu.

Saa 4. Mzee wangu wa Sikonge, anayeniuzia asali, amefika na ndoo mbili za lita 20.

"Mwangaluka, mwanangu."

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

Ndoo moja ina kilo kama 28 hivi, maana asali ni nzito kuliko maji, na kilo tunanunua 9,000. Kwa hiyo ndoo ni 252,000. Mkononi nina 270,000. Kwenye programu ya soko, ukitoa kamisheni yao, nina 270,000 nyingine za chupa ishirini zilizokwisha kufika kwa wateja, lakini zimeshikiliwa siku saba ili wenyewe wapate muda wa kulalamika. Nikamwonyesha mzee. Akaitazama simu kwa utulivu, akasema, "Mwanangu, hizo nimeziona. Lakini ada ya mjukuu inatakiwa leo." Ndoo ya pili akaipeleka kwa mfanyabiashara wa sokoni anayelipa taslimu, kwa bei ya chini. Pale tulipoteza wote wawili, mimi na mzee, na yeye hajawahi hata kujiunga na soko hilo.

Msinielewe vibaya, sitaki dhamana iondolewe. Kabla yake nilikuwa naweka picha Instagram, watu wanauliza bei, kisha wanauliza, "Nitajuaje kama si tapeli?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nauzia majirani wa Isevya na abiria wa treni, basi. Leo mtu wa Mtwara asiyenijua ananitumia pesa, kwa sababu anajua akidhulumiwa zitarudi. Nauliza tu mzigo wa dhamana hiyo anaubeba nani. Hata kwenye masoko makubwa ya nje mizani inaelemea upande wa mnunuzi: eBay humpa siku 30 za kulalamika baada ya mzigo kufika, na tangu 2008 muuzaji haruhusiwi kumpa mnunuzi alama mbaya. Lakini Etsy ilianza mwaka 2022 kulipa yenyewe marejesho ya oda zisizozidi dola 250, iwapo muuzaji ametimiza masharti. Kwa hiyo inawezekana. Kamisheni wanayonikata ingeweza kubeba sehemu ya hasara ambayo si kosa langu.

Saa 8 mchana namjibu mteja wa Arusha. Nimechemsha maji, nikayaacha yapoe mpaka mkono unavumilia, nikazamisha chupa yangu iliyoganda, nikairekodi ikiyeyuka. Nikamwandikia: "Dada yangu, pole kwa usumbufu. Jaribu hivi, usiiweke jikoni moja kwa moja. Isipoyeyuka, pesa yako nitairudisha mwenyewe."

Saa 10 inaingia hukumu ya dai jingine, la Dodoma. Yule aliagiza kilo moja, akapima chupa akakuta mililita 700 na kidogo, akasema amepunjwa. Kilo moja ya asali ndiyo hiyo hiyo. Lita nzima ina karibu kilo 1.4. Nilituma video ya mizani. Wamemrudishia 15,000 zote. Asali, chupa na nauli vimenitoka 11,200, na faida yangu kwa chupa ni 2,300. Nitauza chupa tano ndipo nirudi nilipokuwa.

Hilo la Dodoma lakini limenifundisha lebo yangu ina upungufu. Nilimpitia kijana wa kuchapa lebo saa 12 jioni, nikakuta amefunga.

Saa 2 usiku simu ikalia. Arusha. Picha ya sufuria, chupa ndani, asali imekuwa ya rangi ya kahawia safi kabisa. "Imeyeyuka dada. Nimefunga dai. Nisamehe, nilidhani ndiyo yale yale." Nikaisoma mara mbili, nikamsomea na mume wangu.

Lebo za zamani zimebaki 140. Nimekaa mezani na binti yangu, kila mtu na kalamu yake, tunaongeza kwa mkono: "Kilo 1, karibu mililita 700. Ikiganda, weka kwenye maji ya uvuguvugu." Tulipofika ya 60 umeme ukakatika. Tukawasha tochi ya simu, tukaendelea.